Nyumba Inapopokea Ushirika: Somo la Sikukuu ya Shukrani

Masomo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11, Matendo ya Mitume 18:1–3, 1 Wakorintho 11:17–34



Zimebaki wiki tatu kufika Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo shule zinafungwa hapa Marekani na kazi nyingi zinasimama. Kwa ushirika wetu ni mojawapo ya siku chache katika mwaka ambapo dereva wa lori, mhudumu wa nyumba ya wazee, mwanafunzi wa chuo na bibi anayelea wajukuu wanaweza kukaa meza moja bila mtu kuangalia saa.

Kwenye meza ya nyuma kanisani ipo karatasi ya familia zitakazopokea wenzao siku hiyo. Miaka ya nyuma ilijaa mapema. Mwaka huu bado ina nafasi nyingi, na sababu tunazisikia kwenye maegesho baada ya ibada. Baba mmoja anasema apatimenti yake ina vyumba viwili tu. Familia nyingine inaona haiwezi kuandaa meza kama ile iliyoonekana mwaka jana. Mama mmoja anasema wazi kwamba anapenda wageni, ila siku hiyo yeye husimama jikoni tangu asubuhi hadi usiku, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini. Wengine wameshauri tukodi ukumbi, tununue chakula, yaishe.

Hayo si maneno ya kupuuza. Tukiyaacha yalivyo, baada ya miaka miwili au mitatu kila familia itakula peke yake nyuma ya mlango wake, na asiye na familia hapa hatakula na mtu. Kwa hiyo wiki hii tujifunze pamoja: Biblia inasema nini juu ya sikukuu na nyumba, na sisi tufanyeje ili nyumba ipokee ushirika bila kuvunjika mgongo?

1. Sikukuu hii imetoka wapi

Watoto wetu hufundishwa shuleni habari za walowezi wa Kiingereza waliofika Plymouth, Massachusetts, kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Abiria walikuwa 102, na karibu nusu yao walikufa katika baridi ya kwanza. Mwaka 1621, baada ya kuvuna, waliobaki walifanya karamu ya siku tatu. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alifika na watu wake wapatao 90. Nao wakaenda kuwinda, wakaleta kulungu watano. Kwa hiyo tangu mwanzo wageni wa karamu hiyo hawakuja mikono mitupu.

Yaliyofuata baadaye yalikuwa machungu: vita, na wenyeji kupoteza ardhi yao. Tangu mwaka 1970 wapo wenyeji wa asili wanaokutana Plymouth siku hiyohiyo kwa maombolezo. Tuwaambie watoto wetu pande zote mbili, maana wengi wetu tunajua maana ya kupoteza ardhi.

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln alitangaza siku ya shukrani kwa taifa zima. Mwaka 1941 sheria ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba.

Na sisi hatukuja bila sikukuu yetu. Waliolelewa katika makanisa ya Kilutheri, Kianglikana au Kimoravian kule nyumbani wanakumbuka Jumapili ya mavuno. Watu walifika na debe la mahindi, mkungu wa ndizi, mayai na kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada mnada ulifanyika nje, na mtu aliweza kununua jogoo wake mwenyewe kwa bei mara mbili, akicheka. Ile furaha ndiyo tunayoileta katika siku hii ya Marekani. Tumebadilisha kalenda, lakini tunayemshukuru ni yuleyule.

2. Kikapu na mgeni

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Musa anawaeleza Israeli jinsi ya kushukuru watakapoingia katika nchi waliyopewa. Kila mtu atie malimbuko ya shamba katika kikapu na kukipeleka mbele za Mungu. Lakini hakabidhi kikapu na kuondoka. Anatakiwa kwanza aseme habari zake: kwamba baba yake alikuwa Mwarami mwenye kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache, akakaa huko ugenini, kwamba waliteswa, wakamlilia Bwana, naye akawasikia na kuwatoa.

Tuangalie neno hilo vizuri. Mwenye kusema hayo sasa ana shamba na mavuno. Hata hivyo anaamriwa akumbuke safari kabla ya kula. Shukrani yake inaanzia ugenini.

Kisha mstari wa 11 unaagiza kwamba atafurahia mema yote yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kati yao. Mlawi hakuwa na urithi wa shamba kama makabila mengine. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumsimamia. Hao wawili wasingeweza kuleta kikapu cha shamba lao, na bado sikukuu haikukamilika bila wao. Sura ya 16, inapozungumzia Sikukuu ya Vibanda, inaongeza yatima na mjane.

Hapo tunapata kipimo cha siku yetu. Tukimaliza kula, tujiulize kama walikuwepo ambao wasingekuwa na meza nyingine ya kukaa.

3. Akila na Prisila, wahamiaji wenye mlango wazi

Yule baba mwenye vyumba viwili asome habari za Akila na Prisila. Akila alizaliwa Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, upande wa kaskazini wa nchi tunayoiita leo Uturuki. Akahamia Rumi. Karibu mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Rumi, nao wawili wakaenda Korintho. Huko waliishi kwa kazi ya kushona mahema, na Paulo, mgeni mwenye ufundi uleule, akakaa kwao na kufanya kazi nao. Baadaye wakahamia Efeso. Baadaye tena wakarudi Rumi.

Hawa walikuwa watu wa kuhamahama kama sisi. Walijua kufunga mizigo kwa amri ya serikali. Walijua kuanza upya katika mji usiowajua. Lakini Paulo akiandika kutoka Efeso analeta salamu zao pamoja na za kanisa lililo nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19), na akiwaandikia Warumi anawasalimu wao na kanisa lililo nyumbani mwao (Warumi 16:3–5). Ni miji miwili tofauti, na katika yote miwili kanisa liko kwao. Hawakungoja watulie kwanza, wanunue nyumba, wapate samani, ndipo wapokee watu.

Paulo hataji ukubwa wa nyumba yao wala vyombo vyao. Anachotaja ni kwamba walikuwa tayari kuhatarisha maisha yao kwa ajili yake. Luka anaongeza kwamba walimchukua Apolo, mhubiri hodari ambaye bado alihitaji kufundishwa, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Hawakumwaibisha mbele ya watu. Mambo kama hayo huenda vizuri zaidi nyumbani, kwenye kiti cha jirani, chakula kikiwa mezani.

Huko Dura-Europos, Syria, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1930 nyumba ya karne ya 3 iliyogeuzwa kuwa mahali pa ibada. Wakristo wa pale waliondoa ukuta uliotenganisha vyumba viwili ili wapate nafasi ya kukutanika. Sisi tunaopanga haturuhusiwi kubomoa ukuta. Lakini kitanda tunaweza kukisimamisha ukutani, na mkeka tunao.

4. Ukumbi au nyumba?

Waliotaja ukumbi wana hoja. Ukumbi una nafasi, una maegesho, na mzee anayetumia kiti cha magurudumu hapandi ngazi. Tukitaka kukutana watu wote kwa pamoja, hakuna nyumba yetu itakayotutosha. Kwa mkesha wa mwaka mpya tutaendelea kutumia ukumbi.

Lakini nyumba inafanya kazi ambayo ukumbi haufanyi. Mtu aliyefika mwezi uliopita kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, akikaribishwa ukumbini, anajua jina la kanisa. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, anajua mlango. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imejaa na mtoto ana homa usiku, au barua imekuja kwa Kiingereza kigumu na hajui kama ni bili au ni onyo, anahitaji mlango anaoujua. Vijana wetu pia, ambao Kiswahili chao kimeanza kupungua, wanahitaji kuona kwamba familia nyingine nazo huomba kabla ya kula, hugombana juu ya rimoti, na huwaheshimu wazee wao.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: badala ya nyumba moja kubeba watu sitini, tuwe na nyumba kadhaa, kila moja na watu ishirini hivi, kwa kufuata mitaa tunayokaa. Anayekaa karibu na mwingine atamfikia hata bila gari.

5. Mpe mgeni jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia methali hii kumcheka mgeni asiyeondoka. Lakini tuitazame upya. Anayepewa jembe amekuwa mtu wa nyumbani. Sasa anajua shamba liko wapi, na jasho lake linaingia katika chakula anachokula. Kumkalisha mtu kwenye kochi na soda kila mwaka ni kumwambia kwamba bado ni mgeni.

Tukumbuke pia nyumba ya Martha na Mariamu (Luka 10:38–42). Tumezoea kumlaumu Martha. Lakini lalamiko lake lilikuwa kwamba ameachwa ahudumu peke yake. Bwana alimrudisha kwa upole kwenye fungu lililo jema. Nasi tunaweza kuliondoa lalamiko hilo nyumbani mwetu kwa kuinuka kwenye viti. Petro anaagiza ukarimu usio na manung'uniko (1 Petro 4:9), na njia ya kwanza ya kuondoa manung'uniko ni kuondoa sababu yake. Akina baba wanaosema jikoni si mahali pao wasome Yohana 21. Bwana aliyefufuka aliwasha moto wa makaa ufukoni, akawaandalia samaki na mkate watu waliotoka kazini usiku kucha.

Basi tupange hivi.

Familia tatu kwa kila nyumba. Ya kwanza inatoa nyumba. Ya pili inasimamia chakula, kwa kugawa nani alete nini. Ya tatu inasimamia usafiri, na kuosha vyombo na kufagia baada ya watu kula. Familia iliyotoa nyumba isiguse sufuria baada ya sala ya chakula.

Chakula ni cha wote. Pilau alete huyu, kachumbari yule, chapati mwingine. Mboga ambayo Watanzania wanaiita kisamvu na Wakongo na Warundi wanaiita sombe ipikwe na yeyote, tusibishane jina. Hakuna anayelazimika kupika bata mzinga. Kuku na mbuzi wanatosha kumshukuru Mungu. Anayetaka bata mzinga ajue kwamba aliyegandishwa, wa kilo saba hivi, anahitaji siku tatu hadi nne kuyeyuka ndani ya friji. Akitolewa Jumatano usiku, Alhamisi atakuwa bado jiwe. Aive mpaka ndani kabisa ya nyama, kwenye paja na kifuani, ifike nyuzi 165 za Fahrenheit. Na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili bila kurudishwa kwenye moto au friji.

Kila sufuria iwe na karatasi. Mboga nyingi za kwetu hutiwa karanga, na wapo watoto ambao karanga zinaweza kuwaua. Mpishi aandike jina la chakula na kama kina karanga, maziwa au mayai.

Majirani waambiwe mapema. Siku mbili kabla, gonga mlango wa jirani wa juu na wa chini, mweleze kwamba mtakuwa na wageni na kwamba nyimbo zitakwisha saa tatu usiku. Mpelekee sahani ya maandazi. Magari yasizibe njia ya mtu, maana mwenye nyumba akipokea malalamiko, familia iliyotupokea ndiyo itakayobaki nayo sisi tukishaondoka.

Asiye na cha kuleta aje mapema. Wapo wanaokaa nyumbani siku hiyo kwa sababu mfuko hauruhusu na wanaona aibu kuingia mikono mitupu. Tuwapigie simu kabla, tuwaombe waje saa tano kukata vitunguu, kupanga viti au kuwashika watoto. Hilo ndilo jembe. Litamwondolea mtu aibu kuliko kumwambia mara kumi kwamba asijali.

6. Tungojane

Kule Korintho Wakristo walikutana kula, lakini kila mtu alitangulia kula chakula chake. Mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Paulo anawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Dawa anayotoa ni fupi sana: wakikutanika kula, wangojane (1 Wakorintho 11:33).

Kati yetu wapo ambao Alhamisi hiyo wanafanya kazi. Hospitali hazifungwi, nyumba za wazee hazifungwi, na maghala mengi yana zamu usiku ule kwa ajili ya mauzo ya Ijumaa. Kungojana kuna maana gani kwao? Kwanza, sahani zao zipakuliwe kabla ya watu kupanga foleni, wakati nyama bado ipo, zifunikwe na kuandikwa majina. Kuwafungia makombo si kuwangoja. Pili, kila nyumba iwe na mtu mmoja atakayewapelekea au atakayewapokea wakifika saa mbili usiku, akae nao wakila. Tatu, watajwe kwa majina katika sala ya chakula.

Tuwangoje wazee pia. Bibi asiyejua Kiingereza asiwekwe pembeni mbele ya televisheni ya mpira. Akae katikati, na kijana mmoja apewe kazi ya kukaa naye na kumwuliza habari za zamani.

7. Ushuhuda wa kikapu

Tunapendekeza kila nyumba ifuate mfano wa kile kikapu cha Musa. Baada ya kula, kikapu kizungushwe. Anayekipokea aseme mambo matatu kwa dakika mbili au tatu: tulitoka wapi, Bwana alitusikia wapi, na mwaka huu tunamletea nini cha shukrani. Mtoto naye apewe nafasi. Akisema anashukuru kwa viatu vya mpira, tuseme amina.

Hapa tuwe na hekima. Hakuna anayelazimishwa kusema. Wapo waliopitia mambo ambayo hawawezi kuyasimulia mbele ya sahani za wali, na anayepitisha kikapu kimyakimya ameshukuru vilevile. Wapo ambao kesi zao za makaratasi bado ziko mahakamani. Kwa hiyo yaliyosemwa yabaki nyumbani humo, na picha isipelekwe mtandaoni bila ruhusa ya kila anayeonekana ndani yake.

Maswali ya kujadili nyumbani wiki hii

1. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kutukaribisha nyumbani kwake tulipofika nchi hii? Watoto wanaijua habari hiyo?
2. Kwa nini Mwisraeli aliamriwa asimulie safari ya baba yake kabla ya kufurahia mavuno?
3. Nyumbani kwetu, nani huachwa ahudumu peke yake? Kila mmoja wetu achukue kazi gani kutoka mikononi mwake?
4. Nani katika mtaa wetu hana meza ya kukaa Alhamisi hiyo?

Tendo la wiki

Kila familia ichague moja kati ya haya, na imwambie mzee wa kanisa wa mtaa wake kabla ya Jumapili ijayo: kutoa nyumba, kusimamia chakula, au kusimamia usafiri na usafi. Anayetoa nyumba asisubiri kununua viti. Vya kukunja vipo kanisani, na vijana watavileta Jumatano jioni na kuvirudisha Ijumaa.

Tuombe

Mungu wa baba zetu waliotangatanga, tunakushukuru kwa kutufikisha. Asante kwa milango iliyofunguliwa kwetu tulipokuwa hatumjui mtu. Zibariki nyumba zitakazopokea ushirika mwaka huu, kubwa na ndogo. Wape mama zetu mahali pa kuketi. Umlinde aliye kazini usiku huo, umfariji aliye na kiti kitupu mezani kwake, na umlete kwetu yule ambaye bado hajajua mlango wa kubisha. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.